Sufuria Zangu Zilipokwenda Kibabii

Sufuria zile nilizinunua Kitale, na sijawahi kununua kitu kingine kwa ujanja kama ule. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikitaka tatu ndogo, za kupikia watu kumi hivi. Muuzaji alikuwa na tatu kubwa, za kupikia shule nzima, zilizomkalia dukani mpaka zikashika vumbi. Nilizigonga kwa kidole, nikazigeuza, nikatafuta mahali palipobonyea, nikapapata, nikamwonyesha. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaondoka tena mpaka nikavuka barabara, na ndipo aliponiita, "Mathe, kuja basi, umenimaliza." Nikazichukua kubwa tatu kwa bei ya ndogo tatu, na mifuniko juu. Mifuniko niliihesabu ndani ya duka, kisha nikaihesabu tena nje, maana mtu akikuuzia kwa uchungu hashindwi kujilipa kwa njia nyingine.

Nilikuwa nahamia Bungoma. Kwetu ni kule Kwanza, nje ya Kitale, kwenye shamba la baba yangu. Alipofariki likawa la kaka yangu, na kwa hivyo likawa la mke wa kaka yangu. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kimepakana na stoo, na kila msimu wa kuvuna mahindi yalikuwa yakifurika stoo na kuingia kwangu. Mwaka ule magunia yalifika kitandani. Nilipolalamika, wifi alisema, "Si wewe ni mtu mmoja tu." Nilipomwambia nakwenda Bungoma kupikia watu wa ofisi chakula cha mchana na kuwapelekea, akasema, "Enda, Mungu akubariki. Lakini ukirudi usiniulize chumba."

Kwa hivyo sikuwa natafuta utajiri. Nilitaka mahali ambapo kitanda changu hakitashindana na mahindi.

Nilipata chumba kimoja nyuma ya soko, chenye kibaraza cha kuweka jiko. Mteja wangu wa kwanza alikuwa karani mkuu wa ofisi moja pale mjini, mzee mpole, mtu wa Kibabii, aliyechoka kula mandazi mchana. Alionja mara moja, akaniletea ofisi yote. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika lakini krediti ilikuwa ghali, na watu wa ofisi hawapendi kutumia krediti yao kwa ajili ya tumbo. Tukakubaliana wawe wananiflashi, simu ilie na kukata kabla sijashika: mara moja ni ugali, mara mbili ni wali. Kijana mmoja aliwahi kuflashi mara tatu. Nilimpelekea ugali, akala.

Chakula nilikiweka kwenye hotpoti, na jirani yangu mwenye boda ya baisikeli alizifunga kwenye kreti ya soda nyuma yake na kuzikimbiza kabla ugali haujapoa. Ugali uliopoa Bungoma ni matusi. Biashara ilitembea. Sitasema ilikimbia. Zile sufuria zilikula makaa kama zinapikia harusi, na mchuzi wa watu kumi ulikaa pale chini kama kitu kilichopotea njia. Lakini kila nilipozitazama nilikumbuka uso wa yule muuzaji, nikaridhika.

Kisha mama yake karani akafariki.

Alikuja mwenyewe jioni baada ya kazi, akasimama kibarazani na kofia mkononi.

"Mama, umesikia."

"Nimesikia. Pole sana, mzee."

"Sasa kule nyumbani watu wameanza kuja. Sufuria tuko nazo, lakini ni hizi ndogo ndogo." Akaangalia ukutani nilikozipanga. "Na wewe uko na zile."

Nimebishania kila kitu maishani, hata bei ya kupima uzito. Lakini matanga hayana kona ya kushikia. Huwezi kusema bei. Huwezi kusema uko na kazi.

"Ni za mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka tumalize."

Nilijua maana yake. Watu huzika, halafu wafiwa hukaa mpaka siku ya tatu wanyolewe nywele, ndipo wageni wafunguke waende. Ukichukua sufuria yako kabla ya hapo, umewaambia wenye msiba waamke watawanyike. Jina hilo halikutoki.

"Labda ubebe mbili," nikasema, "moja nibaki nayo ya kazi."

Aliitazama ile ya tatu kama mtu anavyomtazama ndugu aliyekataa kusimama kwenye mkutano wa familia.

"Beba zote," nikasema. "Na mwiko."

Siku ya kuzika nilikwenda Kibabii. Ofisi yote ilikuwa kwenye foleni, sahani mkononi, wanakula kutoka kwa sufuria zangu bila kuflashi. Mmoja wao alinifuata na mfupa.

"Mama, leo nyama umeiweza."

"Si mimi nimepika."

"Lakini sufuria si ni yako, bana."

Waliponyolewa nilimtuma yule wa boda. Alirudi na kreti tupu.

"Ziko kwa jirani yao," akasema.

"Zinafanya nini kwa jirani?"

"Wamefiwa pia."

Wakati huo nilikuwa napikia kwa sufuria ya kuazima, watu wanne, baadaye wawili. Msichana mmoja kutoka Tongaren alikuwa amefungua meko yake karibu na lango la ofisi. Sufuria zake zilikuwa ndogo, nyeusi, moja haina mkono. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikazitazama kwa wivu. Hakuna mfiwa angemwendea yule msichana na kofia mkononi.

Nikaamua kwenda kuzichukua mwenyewe. Nilizikuta Kibabii kwenye boma la pili, ziko motoni. Zilikuwa mbili. Nikakaa na akina mama, nikapewa sahani kama mtu yeyote. Nilipomaliza nikanyoosha sahani tena.

"Mama, watu ni wengi," aliyekuwa akipakua akaniambia. "Ngoja wageni wapate."

Nikamuuliza ya tatu iko wapi.

"Ile ilienda mbele," akasema, akionyesha kwa mwiko wangu. "Kuna mzee amepumzika huko. Hizi sufuria zimetusaidia sana, ati zilitoka Kitale." Halafu akaniangalia vizuri. "Kwani wewe ni wa marehemu kwa upande gani?"

"Upande wa sufuria," nikasema.

Hakucheka, na sikumlaumu. Marehemu alikuwa bado hajazikwa.

Wiki hiyo simu ililia mara moja ikakata. Nilikuwa nimeshabandika maji ya ugali kabla ya kuangalia namba. Ilikuwa ya wifi. Nikampigia kwa krediti niliyokuwa nimewawekea wateja.

"Tumeanza kuvuna," akasema. "Watu wa kuvunja mahindi ni wengi na sufuria zangu hazitoshi. Zako si ni zile kubwa?"

"Ziko matanga."

"Zote?"

"Zote."

Nilisikia kuku wake nyuma.

"Basi kuja na mikono," akasema.

Nikaenda. Hotpoti nilizibeba, nikazihesabu mara mbili, zilikuwa sawa. Kule Kwanza kitanda changu kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili magunia yapate nafasi. Nilikishusha, lakini sakafu iliyobaki ilitosha miguu miwili tu ya kitanda. Ile mingine miwili niliiweka juu ya magunia, upande wa kichwa. Msimu ule wote nililala hivyo, nikiteremka polepole, na kila asubuhi nilijikuta chini kwenye ubao wa miguuni, nikisikia wifi uani akiita wapishi.