Kiwanja Kilichofunikwa na Lava

Baba yangu aliuza vitenge katika mtaa wa Birere, hatua chache kutoka mpaka wa Rwanda, katika duka lililofunguliwa na baba yake alipohamia Goma kutoka Maniema. Kila faida aliyopata aliigeuza kuwa kitambaa. Akipata pesa ya kubadilisha bati la nyumba, alinunua robota moja zaidi. Vita vya kwanza vilipopita, wezi walichukua nusu ya mali, naye akaijaza tena rafu kwa miaka miwili, kwa namna ileile.

Volkano iliposhuka mjini, tulivukia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukiwa na godoro moja na sufuria mbili. Siku ya tatu tulirudi. Mtaa wetu ulikuwa mwamba mweusi uliokuwa bado unatoa moshi, na soli za viatu zilikuwa zinalainika tukitembea. Baba alizunguka akitafuta duka.

"Mwanangu, ilikuwa hapa ao pale?" aliniuliza. Sikujua. Nilikuwa nimekulia dukani humo, na sikujua.

Wiki chache baadaye watu wa mtaa walichangishana wakamwita jeometre, yaani mpimaji wa viwanja, mzee mmoja mwembamba aliyetoka milima ya Masisi. Alikuja na ramani ya zamani iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya utepe na kuandika vipimo, nami nilikuwa nimetoka kupata diploma ya sekondari, basi wakanisukuma mbele. Tulianzia kwenye ukuta wa jengo moja uliobaki umesimama, tukapima kutoka hapo, pembe kwa pembe, siku nzima. Jioni ilipokaribia alichora alama ya chokaa juu ya mwamba.

"Papa," alimwambia baba yangu, "mulango yako iko hapa chini."

Baba alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya jiwe lile. Mimi nilikuwa namtazama mpimaji. Sikuwahi kuona mtu akimrudishia mwenzake kitu kwa hesabu tu na kamba.

Alipokuwa anakunja utepe aliniambia, "Unaandika vizuri, na haukosei. Ukitaka kujifunza kazi hii, kuya. Lakini malipo ni kidogo sana."

Wakati huohuo shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta vijana wenye diploma wa kuandikisha watu waliopoteza nyumba. Lililipa kwa dola. Baba alitaka nikae naye kwenye meza mpya ya vitenge, mama alitaka dola. Nilimpelekea mzee shida yangu, nikidhani atakasirika.

"Enda kwa wageni," alisema. "Fanya mukataba yao mupaka mwisho. Lakini usizoee kula dola zao zote. Ukiisha, utakuwa na ya kujilisha wakati nakufundisha."

Ndivyo nilivyofanya. Nusu ya mshahara niliikabidhi kwa mama kila mwezi kabla sijanunua hata sabuni, naye akaiingiza kwenye likirimba ya wanawake wa mtaa, ambapo kila mmoja anachanga na kila mmoja anapokea kwa zamu. Wenzangu walinunua simu na viatu vya kung'aa. Niliwaonea wivu, sitaficha. Mikataba ilipokwisha, wengi wao walibaki wakisubiri mradi mwingine. Mimi nikarudi kwa mzee, na kwa miaka miwili pesa niliyopokea kwa zamu yangu ya likirimba ndiyo iliyonilisha.

Kazi ilikuwa ngumu. Mwamba wa lava unakata mikono kama chupa iliyovunjika. Wenye viwanja walimuuliza mzee, "Huyu mutoto mwanamuke atapanda mawe namna gani?" Mzee alinipa tu utepe nipande. Baadaye nilisomea upimaji kwenye chuo kimoja cha hapa mjini, nikilipa karo kidogokidogo, hadi nikapata haki ya kusaini ramani kwa jina langu.

Nilipoanza kulipwa nilirudi kuchanga, na zamu yangu ya likirimba ilipofika tena, nilinunua kiwanja kutoka kwa familia moja iliyokuwa imechoka na Goma. Kilikuwa kimefunikwa chote na lava. Dada zangu walicheka.

"Umenunua mawe!" walisema.

Walisema kweli, nami nilijua. Mji mzima ulikuwa unajengwa upya kwa mawe hayohayo. Niliwalipa wavunja mawe, nikauza sehemu kwa wajenzi, nyingine nikajengea ukuta. Kisha nikaanza safari za ofisi ya ardhi. Nilikwenda mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikiambiwa nirudi kesho, hadi nikapata hati yenye mhuri. Kila niliposaini kazi kubwa nilinunua kitu kimoja cha ujenzi, mabati ya paa moja au mlango. Vyumba viwili vilichukua miaka mitatu. Vilipokwisha sikuhamia. Nilivipangisha, na mimi nikaendelea kulala kwa wazazi, kitanda kimoja na mdogo wangu.

Nisijisifu. Mara moja tamaa ilinishika. Mfanyabiashara mmoja alinishawishi tununue maharagwe Rutshuru yakiwa bei ya chini, tuyapakie lori na kuyauza Goma kwa faida ya haraka. Niliweka akiba ya mwaka mzima. Lori lilipofika karibu na Kibumba, mapigano yalikuwa yamefunga barabara. Lilikaa huko kwenye mvua, maharagwe yakachipua ndani ya magunia. Nililia kwa ajili ya mwaka wangu, kisha nikaona haya, maana kwenye barabara ileile watu walikuwa wanakimbia na watoto mgongoni.

Muda si mrefu waasi waliingia mjini. Benki zilifungwa, na hakuna aliyetaka kupima kiwanja. Mtu mmoja aliyevaa vizuri alikuja kuniona.

"Mama, mji umekufa," alisema. "Nipe ile parseli na vyumba vyake, nakulipa leo, mukononi."

Bei aliyotaja ilikuwa nusu ya thamani ya kiwanja, lakini ndani hatukuwa na unga. Nilimwomba arudi kesho. Baba alikuwa amesikia yote.

"Mimi mali yangu ilikuwa ya kuungua na kuibwa," aliniambia. "Hii yako wameshindwa kuibeba. Uza pikipiki."

Niliuza pikipiki yangu ya kazi, tukala. Wapangaji wawili hawakuwa na pesa, wakalipa kwa viazi na makaa, nikapokea. Waasi walipoondoka, watu walirudi na ugomvi wao wa mipaka, na mimi nikaenda kuwapimia kwa miguu hadi nikapata pikipiki nyingine.

Siku moja katika miaka hiyo, mzee wangu wa Masisi alikuja mlangoni, kofia mkononi. Mwenye nyumba aliyokuwa anapanga alikuwa ameiuza, na alikuwa anatafuta chumba cha kupanga.

"Muzee, wewe unapanga?" nilimuuliza. Sikuwahi kufikiria jambo hilo.

"Nimepima muji muzima," alisema, "yangu nikasema nitapima mwaka ujao. Pesa iliingia, nikakula, nikasaidia watu, ikaisha."

Nilimpa chumba cha nyuma, ambacho mpangaji wake alikuwa amehama. Baada ya miezi michache nilimwambia kuna kona ya kiwanja ambayo sijajenga, nami namuuzia kwa bei niliyonunulia. Asingekubali kuipokea bure, nami sikumpa bure. Alilipa kwa kazi, akichora ramani katika ofisi ndogo niliyokuwa nimefungua, siku tatu kwa wiki, kwa sababu macho yake bado yalikuwa mazuri na magoti yalikuwa yamechoka.

Siku ya kukigawa kile kiwanja alisisitiza kuja mwenyewe juu ya mwamba na fimbo yake. Nilimpa ncha moja ya utepe nikaenda na nyingine. Alinisahihisha mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Hati yake ilipotoka, alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Aliisoma yote kwa sauti mbele ya karani, hadi namba ya mwisho, kisha akaniuliza ni wapi anaweza kupata mabati ya bei nzuri.