Boti Aliyoiziba Isaiah

Isaiah Kipkemboi alikuwa fundi wa milango, na huku Kericho, ambako mvua haijui likizo, fundi wa milango ana adui mmoja tu: maji. Miaka ishirini na sita alikausha mbao, akaziba kila ufa, na mlango wake ukifungwa hata upepo ulilazimika kubisha hodi. Alijisifu sana, na kusema kweli alikuwa na haki.

Mzee Johnson Mbuthia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alinunua boti ya mbao iliyolala miaka arobaini katika ghala la shamba la chai. Ilikuwa boti ya zamani ya injini, na mbao zake zilikuwa zimekauka hadi zikaachana. Mbuthia alitaka kitu kimoja kabla ya kuzeeka kabisa: kuizungusha katika bahari ya kaskazini, kupita Lamu, kwenye visiwa visivyo na watu. Mji mzima ulimcheka. Isaiah hakucheka, kwa sababu kazi ya kuitengeneza alipewa yeye.

Katikati ya mbao alikuta nyuzi za pamba zimeshindiliwa. Akaona ni uchafu. Akazitoa zote, akajaza nafasi zile unga wa mbao uliokorogwa na gundi, kama afanyavyo kwenye meza. Hakujua kwamba mbao ya boti ikiingia majini hunywa na kuvimba, na kwamba ile pamba laini ndiyo inayoiachia nafasi. Angeuliza, angeambiwa. Lakini fundi wa miaka ishirini na sita atamuuliza nani?

Boti ikapelekwa pwani kwa lori. Mbuthia akamsihi waende pamoja. "Ikiuma mahali, wewe ndio daktari yake," akasema.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Walipita mikoko na fukwe nyeupe zisizo na hata nyayo, Mbuthia ameshika usukani na kuimba nyimbo za kanisani. Siku ya tatu asubuhi Isaiah akasikia mlio chini ya miguu. Akafunua sakafu. Mbao zilikuwa zimevimba na zinasukumana, gundi imekataa kulegea, misumari imeanza kung'oka na ubavu mmoja, ule mti uliopinda unaoshikilia mbao, umepasuka. Akaelewa yote pale pale. Akaona aibu, aibu mbaya inayomfunga mtu mdomo, akarudisha sakafu mahali pake.

"Fundi, huko chini kuko aje?" Mbuthia akauliza.

"Kuko sawa, mzee."

Mchana huo wakapita kijiji cha mwisho. Mashua za wavuvi zilikuwa ufukweni, watoto wakawapungia mkono. Hapo ndipo pa kusema. Isaiah akayameza maneno, na kila Mbuthia aliposinzia yeye alichota maji kwa kopo na kuyamwaga baharini kimyakimya, akimwomba Mungu afanye kazi ambayo yeye mwenyewe aliiharibu.

Siku ya tano asubuhi ubao ukafyatuka. Maji yakaingia kwa kishindo, injini ikazima. Isaiah alilia kwa sauti, maana hakujua kuogelea. Mbuthia hakumuuliza lolote. Alimwaga maji ya kunywa yaliyokuwa katika mtungi wa plastiki, akaufunga kizibo, akamsukumia.

"Shika hii, usiachilie. Mimi nilijifunza kuogelea mtoni nikiwa mdogo. Nitaleta watu."

Wavuvi walimwokota Isaiah alasiri, mikono imekakamaa kwenye mtungi. Mbuthia walimpata kesho yake.

Wacera, mjane wa Mbuthia na mama wa mtoto wao Tabby, alifika kwenye karakana siku ya nne baada ya mwili kuletwa Kericho. Alivaa sweta ya marehemu.

"Isaiah, sanduku ya kumzika nataka utengeneze wewe. Baba Tabby alikuwa anasema hakuna mtu anaziba mbao kama wewe. Hata huko majini, najua ulijaribu."

Isaiah alishika ukingo wa meza. Mji mzima ulikuwa umempa pole, na kila pole ilimchoma. Angeweza kupokea na hii pia, na hakuna kiumbe angejua.

"Mama Tabby, si bahari. Ni mimi. Nilitoa pamba, nikaweka gundi, ikapasua boti. Nikaona. Nikamwambia iko sawa."



"Uliona lini?" Wacera akauliza.

"Siku ya tatu."

"Na ilizama siku ya tano."

"Ndio."

"Siku mbili," Wacera akasema, akaketi juu ya mbao. "Siku mbili nzima alikuwa anaweza kurudi nyumbani."