Umeme na Pampu ya Mama Mwenya

Mama Mwenya, muuza mikate wa hapa Naviundu, alirudi kutoka India na pampu ndogo kifuani. Inausaidia moyo wake mchovu kusukuma damu, na waya wake unatokea tumboni hadi kwenye betri alizobeba mkobani. Betri zinataka umeme, na umeme wa mtaa wetu hukatika ovyo.

Zamani umeme ukirudi, mtaa mzima ulipiga kelele kwa Kifaransa: “Courant!”, yaani umeme. Siku hizi tunapiga kelele: “Mama Mwenya!” Naye hutoka na chaja mkononi, amenuna.

“Muache makelele! Miye si kiziwi!”

Juzi alitugombeza vikali. Basi jana umeme uliporudi, tulinyamaza. Akatoka mwenyewe, akasimama katikati ya barabara.

“Leo hamukuniita juu ya nini? Munawaza nilisha kufa?”