Projekta Tatu za Mzee Mwanga

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwanga: kwanza kwa sababu ndiye aliyewasha mashine ya picha kwenye vikao, na pili kwa ile maana nyingine ya mchawi wa usiku, kwa kuwa alipenda kujifungia peke yake kwenye chumba cha mikutano, mapazia yameshushwa, akihangaika na nyaya zake gizani.

"Msimpe mkono, ataondoka na nyota yako," wahasibu walisema akipita.

"Yako iliungua zamani," naye hujibu. "Hata nikiichukua haiwaki."

Mkewe jina hilo hakulipenda kabisa. Alisema mtu mzima mwenye watoto wakubwa haitwi mchawi hata kwa utani. Lakini Mwanga alilivaa kama koti lililomkaa vizuri. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mwendo wa haraka, shati limechomekwa, kalamu mfukoni, bisibisi ndogo mfuko wa pili.

Kampuni yao iliuza pampu za maji na matangi. Maofisa mauzo walizunguka kwa wateja kuwaonyesha picha na michoro, na kwa miaka mingi walibeba projekta moja ya zamani, nzito kama jiko la chuma, iliyohitaji meza imara na umeme usiokatika. Kila aliyerudi nayo alirudi akishika kiuno. Mwishowe Meneja wa Mauzo akachoka na malalamiko. Alikuwa mwanamke mdogo kwa Mwanga, mkali kwa wengine wote, lakini kwake hakuanza neno bila salamu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bosi."

"Dukani wametuazima projekta ndogo tatu tuzijaribu. Nataka moja tu, ya kubeba kwenye begi la mkononi. Wewe ndiye unayezijua. Utakayoisema, mimi natia sahihi nimefumba macho."

Mwanga alifurahi kama mtu aliyepewa mgeni wa heshima. Akazibeba mwenyewe hadi chumba cha mikutano, akazipanga mezani, akaagiza asisumbuliwe.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kama mche wa sabuni, ina betri yake ndani, haina kelele. Ya pili bapa kama kitabu. Karatasi yake ilijisifu kwa ukali wa mwanga, lakini ilikula umeme wa ukutani na feni yake ilinguruma. Ya tatu ilikuwa na miguu ya kukunja na ilijinyoosha yenyewe picha ikikaa upande. Akatafuta mchoro mmoja wa pampu, wenye mistari myembamba ya buluu, ili zote zipimwe kwa picha ileile, ukuta uleule, umbali uleule. Kisha akafungua mapazia, maana mteja hana mapazia. Mteja anakupokea kwenye bwalo, kwenye ghala, kwenye chumba chenye madirisha pande zote, na jua halimwogopi mtu.

Akawasha ya kwanza. Picha hafifu. Sawa, ya betri, alitegemea hivyo. Akawasha ya pili. Hafifu vilevile. Akawasha ya tatu, ikawa yaleyale, na juu ya hapo kona ya kushoto kama imeingia moshi. Akarudia ya kwanza: moshi. Ya pili: moshi. Akafuta lenzi, akabadilisha waya, akabadilisha kompyuta, akashusha mapazia. Moshi haukuondoka. Akatoka mle amekunja uso.

"Bosi, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Zote feki. Hakuna hata moja ya kumwonyesha mteja."

Meneja akapiga simu dukani, na muuzaji akaja juu juu, jasho likimtoka. Alikuwa bonge la mtu, mcheshi, mdomo haukauki maneno. Watu wa ofisini, ambao kwa kazi ni wavivu lakini kwa ugomvi ni wepesi, wakajaa mlangoni kushuhudia. Muuzaji akawasha ya tatu, mapazia yakiwa wazi, na wote pamoja wakasema, "Aaah!"

Mwanga akageuka kuwatazama. Hakuelewa wanashangilia nini.

"Tatizo liko wapi hapa?" akauliza muuzaji.

"Kona ya kushoto. Giza tupu."

Muuzaji akaenda hadi ukutani, akanyoosha mkono na kubandika kiganja kwenye ile kona. "Hapa?"

Mwanga aliliona bega. Aliuona mkono hadi kwenye kiwiko. Baada ya kiwiko hapakuwa na kitu. Haukufichwa na chochote, ila uliishia pale, kama umefutwa kwa kifutio.

"Mzee, mbona kimya? Mkono wangu uko wapi?" Muuzaji alikuwa anatania.

"Umeusahau nyumbani," akasema Mwanga.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Meneja mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi. Mwanga naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, huku macho yake yakiutafuta ule mkono.

Walipotawanyika akajifungia msalani. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Mlango wa mbele yake ukatoweka wote, likabaki tundu dogo upande mmoja, lenye kitasa ndani yake. Akaziba la kushoto. La kulia lilikuwa na nafuu: katikati aliona vizuri, pembeni palikuwa pamemomonyoka. Akarudia, akarudia tena, kama mtu anayepekua mfuko uleule mara kwa mara akitumaini kilichopotea kitakuwemo. Halafu mambo mengine yakaanza kujileta yenyewe. Bega lililokuwa linagonga fremu za milango. Chai aliyokuwa anamimina mezani badala ya kikombeni, mkewe akisema siku hizi una haraka ya nini. Jirani aliyelalamika kwamba Mwanga anampita bila salamu. Yote hayo alikuwa ameyaita uzee, na mengine akayaita uchovu.

Aliogopa. Nje aliogopa kusema, kwa sababu fundi wa picha asiyeona picha ni nani? Na ndani zaidi aliogopa kusikia, maana jambo lisilotamkwa na daktari bado anaweza kujidanganya kwamba halijawa. Akanawa uso, akarudi kazini.

Lakini uamuzi ulikuwa unasubiriwa. Siku ya pili akamngoja Mama Chai, mwanamke aliyepita na birika ofisi kwa ofisi, akamwita ndani.

"Dada yangu, hebu nisaidie. Nitakuwashia hizi moja moja. Niambie ipi inakupendeza."

"Mimi? Kaka, si wewe ndiye fundi?"

"Nataka jicho la mteja. Langu limezoea."

Mama Chai akaweka birika chini, akakaa kwenye kiti cha mkurugenzi kwa madaha, akasema, "Haya, nionyeshe." Ya kwanza ikamkumbusha chai iliyoongezwa maji. Ya pili ilikuwa kali, nzuri, "lakini inanguruma, kaka, utasikia mtu anasema nini?" Ya tatu akaitazama kwa muda. "Hii. Mistari yote naiona, hata ile midogo kule pembeni."

"Kushoto je?"

"Kushoto, kulia, kote. Inang'aa."

Mwanga akashukuru, akamfungulia mlango. Kisha akakaa peke yake akiutazama ukuta ule unaong'aa, na akashindwa hata kuzima mashine. Ndivyo projekta ya tatu ilivyochaguliwa, na Meneja akatia sahihi kama alivyoahidi.

Miezi ikapita. Kama angekwenda hospitali wiki ileile, hadithi hii ingekuwa nyingine. Badala yake akawa hodari wa kuficha. Alijifunza kugeuza shingo badala ya macho. Alitembea nyuma ya watu, akiweka mguu pale walipoweka wao. Ngazi alizihesabu kwa nyayo. Nyumbani akaacha kumimina chai, akasema mkono unamuuma, na mkewe akawa anamsugua mkono mzima, mzima kabisa, kwa mafuta ya moto kila jioni. Alijiona mnyonge, akamwacha amsugue.

Siku iliyomfichua ilikuwa ya kawaida. Shule moja kubwa ilitaka pampu, na kamati yake ikaomba kuonyeshwa. Meneja akaenda mwenyewe, na kwa kuwa mashine ilikuwa bado mpya akamchukua Mwanga. Walikaribishwa kwenye bwalo la chakula, madirisha wazi, meza ndefu, viti vimesogezwa huku na kule. Mwanga akaiweka projekta, akanyoosha picha, akatandaza waya. Wajumbe wakaketi. Meneja akaanza kueleza, na katikati ya maelezo akamwomba Mwanga aisogeze mashine nyuma kidogo ili picha ikue.

Akainuka. Upande wake wa kushoto palikuwa na kiti ambacho kila mtu mle bwaloni alikiona isipokuwa yeye. Goti likakivaa, kiti kikaanguka, mguu ukanasa kwenye waya, naye akaenda chini kwa kishindo. Projekta ikamfuata, ikapiga sakafu ya saruji, na kioo cha lenzi kikapasuka.

Kuanguka peke yake si aibu, kila mtu huanguka. Kilichofuata ndicho kilichowanyamazisha watu. Mwanga alijiinua kwa magoti, akaanza kuitafuta ile mashine kwa mikono. Alipapasa kulia, akapapasa mbele, chini ya benchi, akisema, "Samahani, samahani, iko wapi, samahani." Na projekta ilikuwa imelala kando ya goti lake la kushoto, mchana kweupe, taa yake bado inawaka kuelekea darini. Wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

Meneja akaja akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akauweka juu ya mashine.

"Iko hapa, mzee wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Iko hapa."

Njiani kurudi Meneja ndiye aliyeendesha gari. Kwenye taa nyekundu akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ya ule mkono ukutani."

Meneja akakumbuka kicheko chake. Taa ikawa kijani na magari ya nyuma yakapiga honi, naye hakuondoka.

Daktari wa macho alikuwa mtaratibu. Alimwangalia kwa mashine moja baada ya nyingine, mkewe amekaa kwenye benchi akiwa na mkoba mapajani. Kisha akaeleza. Ni presha ya macho, si ile ya moyo. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu. Atampa matone ya kulinda kilichobaki.

"Na kilichoondoka?" akauliza Mwanga.

Daktari alimtazama mke kabla ya kujibu. "Hakirudi, baba. Tena jicho la kushoto limefika mwisho. Umekuja umechelewa. Hizi dalili uliziona lini?"

Mwanga akasema ukweli. Hapo mkewe akasimama, mkoba ukadondoka, vitu vikamwagika.

"Miezi yote hiyo? Mimi nakusugua mkono, nakuombea mkono, kumbe macho? Mimi ni nani kwako? Ningekuongoza! Ningekuleta hapa kwa kukubeba mgongoni!"

Mwanga aliinama amsaidie kuokota vitu, akapapasa, akagundua anapapasa, akaacha.

Daktari akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyepofuka. Mwanga akamtaja mama yake. Nyumbani walisema macho yake yameliwa na machozi baada ya kufiwa na mume, na Mwanga mwenyewe, akiwa mtoto, alikuwa akimshika mkono kumpeleka kisimani. Daktari akatikisa kichwa. Hayakuwa machozi. Ugonjwa huu hutembea na damu. "Una watoto? Walete."

Kampuni haikumfukuza. Ingekuwa afadhali, angalau angepata wa kumlaani. Walimkalisha mapokezi apokee simu, wakamletea kiti kizuri, wakaondoa zulia asijikwae. Na utani ukafa. Wahasibu walipopita walipunguza sauti, wakamsalimu kama msibani. Hakuna aliyemwita Mwanga tena. Wakaanza kumwita "mzee wetu", kwa upole, na kila aliposikia neno hilo alijisikia anafunikwa mchanga kiganja kimoja kimoja. Siku moja alimchokoza mhasibu mmoja: "Vipi, nyota yako bado ipo?" Yule kijana akamwamkia shikamoo, akaenda zake. Wiki hiyo Mwanga akaandika barua ya kuacha kazi. Meneja aliisoma, akaomba abaki, lakini hakuomba mara mbili.

Nyumbani siku zilikuwa ndefu. Redio ilisema, akaizima. Marafiki walikuja mwanzoni, wakapungua, wakaisha. Mkewe alimsamehe, au alichoka kukasirika. Yeye hakuweza kutofautisha, na hakuthubutu kuuliza.

Binti yao mkubwa alikuwa fundi cherehani, amejaa kazi, alikataa mara nyingi kwenda kupimwa. Mama yake alimkokota. Walirudi mchana, na Mwanga alijua kwa jinsi lango lilivyofungwa taratibu mno.

"Ninayo, baba," binti akasema. "Wamesema ni mwanzo. Nikitumia dawa bila kuruka, naweza kukaa nayo."

"Bila kuruka," Mwanga akarudia. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema nisamehe, lakini mtu anaombaje msamaha kwa damu?

Binti akakaa karibu naye kwenye kochi. Mama akawawekea matone, kwanza baba, kisha mtoto, akawaambia wafumbe macho kama daktari alivyoagiza. Wakakaa hivyo, vichwa nyuma, mabega yamegusana, jikoni sufuria likichemka.

"Baba, unaogopa?"

"Sana."

"Hata mimi."

Hakumdanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri. Aliutafuta mkono wake, akaushika, na vidole vya binti vilikuwa na alama za sindano.