Mdomo Wangu Uliandikwa Mzima

Waliokosea nitawataja wote. Wa kwanza ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Wa pili ni nesi wa meza ya mbele. Wa tatu nitamtaja nikimfikia.

Nilikuwa nawauzia wachimbaji chakula pale Segese mpaka titi likapata saratani, nikapelekwa hospitali ya mjini kuwekewa dripu ya dawa yake kila baada ya wiki tatu. Baada ya dripu ya pili mdomo ukaharibika. Mwanzo ulikuwa mwekundu tu, unawasha kama nimetafuna pilipili, na ugali ulipita. Kisha vikatoka vidonda ndani ya mashavu na chini ya ulimi, vyeupe katikati. Ugali ukagoma, nikabaki na uji. Siku tatu kabla ya dripu ya tatu, uji nao ukagoma. Kila asubuhi nilivaa tochi ya kichwani ya mume wangu, ile anayoingia nayo shimoni, nikajitazama kwenye kioo. Nilijua hali yangu kuliko mtu yeyote.

Pale hospitali, kabla ya dripu, nesi anauliza habari za mdomo na kuandika namba, sifuri mpaka nne. Namba ikiwa kubwa dripu inasubiri upone, kwa sababu dawa yenyewe ndiyo inayochubua. Mimi sikujua hilo. Wifi, aliyenisindikiza, alijua. Alikuwa ameniambia ndani ya basi, bila kueleza sababu, kwamba tukirudishwa nyumbani atapoteza wiki nyingine, na mpunga wake unaingiliwa na ng'ombe wa watu.

Sasa sikia tulivyokosea. Kwetu Usukumani ukiulizwa za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, zote unajibu mhola, yaani salama, hata kama jana umezika. Shida yako inangoja ukae kwanza, upewe maji. Nesi alikuwa mtu wa kwetu. Nikampa shikamoo nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Akaitikia marahaba, akauliza za safari, za nyumbani, na za mdomo, zote kwa pumzi moja, kalamu iko kwenye karatasi.

"Mhola," wifi akajibu. "Anakula."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Huyo ndiye wa tatu.

Nesi akaandika sifuri. Hakuinua macho.

Nikakaa kwenye benchi na kopo la kutemea mate, kwa sababu hata kumeza mate yangu kulikuwa mateso. Mlango ulikuwa wazi, nikaona chupa yangu inatundikwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini hesabu ile haikunishinda. Nimeshindwa uji kwa dripu mbili, ya tatu itaniacha nameza nini? Nikaitoa tochi kwenye mkoba, nikainuka. Wifi akanishika kanga akisema nakwenda kumtia aibu mbele za watu. Nikamwachia kanga.

Nikamwekea nesi tochi mkononi, imeshawaka.

"Usinisalimie," nikamwambia. "Tazama."

Nikafungua mdomo mpaka pembe za midomo zikapasuka. Alimulika mashavu, akaniambia nipandishe ulimi, akamulika tena. Alipouliza safari hii, aliuliza kwa sauti nyingine kabisa: tangu asubuhi nimemeza nini? Nikasema maji, vijiko vinne. Ugali mara ya mwisho lini? Sikukumbuka. Akaikata sifuri akaandika nne, akaenda kumwita daktari. Chupa ikashushwa. Daktari akamwambia wifi, si mimi, kwamba dripu ile ingeweza kuniua.

Nikalazwa. Nikapewa dawa ya maumivu na maji ya chumvi ya kusukutulia, na mdomo ulipopona dripu zikaendelea kwa dozi ndogo. Nikazimaliza zote. Nesi hakuniomba radhi. Mpunga uliliwa kweli, na wifi ananilaumu mpaka leo. Alaumu tu, mimi nipo.

Siku hizi wanawake wenye dripu kutoka Bulyanhulu mpaka Kharumwa wananiita niwatazame kabla hawajapanda basi. Naenda na tochi ile ile. Mwezi uliopita nilimkuta mmoja kajifunika kanga mpaka puani, mama mkwe wake kakaa pembeni. Nikauliza kilichopita kooni tangu asubuhi. Mama mkwe akajibu kwamba hali ni mhola. Nikamwomba atupishe, nikavaa tochi, nikamwambia mgonjwa afungue.