Taa ya Kuonja Umeme

Baba alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Chomoa. Umeme ukikatika tu, sauti yake ilifika barabarani: "Chomoa!" Nasi mbio tulichomoa kila kifaa ukutani. Iliachwa taa moja juu ya meza yake, ili umeme ukirudi iuonje kwanza.

"Huwa unarudi na hasira," alisema. "Acheni utulie."

Wateja walinuna, wee! Yeye wala. Hakuchomeka kitu mpaka taa iache kuchezacheza.

Baba hayupo sasa, na vifaa tulishauza. Jana umeme ulikatika tukipiga soga na mama. "Chomoa!" akapaza sauti. Nikakurupuka hadi karakana, nikanyoosha mkono kwenye soketi, ndipo nikakumbuka hakuna cha kuchomoa.