Sendoff ya sista ndani ya wodi ya zamani: shangazi aligoma mlangoni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii nimeiona kwa macho yangu, atakayesema ni chai alete na vitumbua kabisa.

Kuna ukumbi huku Temeke, jina nalihifadhi. Zamani ilikuwaga hospitali ya watu binafsi. Sie watoto wa mtaani tukiliona lile geti tu tunaanza kulia, tunajua ni sindano.

Ikafungwa. Ikawa stoo ya vyakula vya kuku, baadaye kanisa la maombezi, kisha gym ya mabaunsa. Bongo jengo halistaafu. Sasa hivi wameweka gypsum na taa za rangi rangi, ni ukumbi wa sherehe.

Kamati ya sendoff ya sista wangu ikauchukua. Mie nilikuwemo, tena ndiye niliyeusifia kwa parking.

Siku ikafika. Sie ni Wangoni wa Songea, na kwenye ukoo wetu shangazi ndiye anayemwingiza binti ukumbini. Asipoingia yeye, haingii mtu.

Shangazi kashuka kwenye gari, kitenge kimekaa, kilemba juu. Kuliangalia jengo, kaganda.

"Mmenileta wapi? Humu ndimo alimofia mume wangu. Sitii mguu."

Wakuu, tulikuwa hatujui! Alipofiwa tulikuwa wadogo mno.

Mama akambembeleza. MC akambembeleza. Sista kasimama na gauni lake, machozi yanaharibu make-up. Wakwe wako ndani wanaangalia saa, na DJ asiyejua lolote anarudia wimbo wa kuingilia. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Ndipo akatokea Mzee Kikoti, jirani yetu, Mhehe. Kwa wasiojua, Wahehe na Wangoni ni watani, na mtani hata msibani anaweza kumuigiza marehemu na hakuna wa kumkasirikia.

Mzee mzima na suti yake akajilaza chali katikati ya mlango, akajifunika khanga gubigubi.

"Mie maiti wa humu! Walinisahau walipofunga hospitali. Siamki mpaka niletewe pilau!"

Akaanza kukoroma. Nikajisemea, hapa tumekwisha.

Shangazi akamwangalia weee. "Mhehe wewe, hata kufa mpaka ufundishwe na Wangoni! Maiti gani anakoroma kama trekta?"

Akavua kiatu. Mzee Kikoti akainuka mbio, shangazi nyuma yake na kiatu mkononi, sista nyuma ya shangazi kashikilia gauni, mpaka jukwaani. DJ naye akaachia singeli. Vigelegele hivyo!

Ndipo shangazi akashtuka yuko wapi. Akageuka taratibu, akaonyesha ilipo meza ya keki.

"Kitanda chake kilikuwa pale pale."

DJ akazima muziki. Shangazi akajifuta macho na ncha ya kitenge.

"Haya, kateni keki. Na kipande chake msimpe mtu, nitamlia mie."

Akala vyote viwili, chake na cha marehemu, huku analia na kucheka. Nami nikalia, sioni aibu kusema.

Funzo: kabla hamjachukua ukumbi waulizeni wakubwa palikuwaga nini. Na mtani mpeni kadi hata kama hajachanga.

Huko mitaani kwenu kuna jengo gani lina mambo kama haya? Shusheni hapa. Wahehe mnaotaka kujitetea karibuni, ila msilale mlangoni, watu wanapita.